Sauti ya Mama Kwenye Traki ya Kwanza

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nikusimulie jinsi hela za madirisha ya nyumba yetu zilivyoishia kwenye maiki mbili na kiboksi cha kurekodia, na jinsi mume wangu alivyoninunia wiki tatu nzima. Ukifika mwisho utaamua mwenyewe nani alikuwa na haki. Mimi nilishaamua, na jibu langu la leo siyo lile nililoanza nalo.

Mimi ni mtoto wa Tanga niliyeolewa Karatu. Tunaishi Arusha, mimi mhariri, baba watoto mhasibu, watoto wawili, mkopo mmoja wa benki, yaani maisha ya kawaida tu kama ya kwako. Kwao mume wangu ni Endabash. Ukitoka Arusha unapita Makuyuni, unapita Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Karatu mjini. Hapo watalii wananyoosha kwenda Ngorongoro. Sisi tunaiacha njia yao na kuelekea kusini, katikati ya mashamba ya mahindi na mbaazi. Ni nchi ya Wairaqw, wale ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu.

Huko ndiko aliko mama mkwe wangu. Mama ni mtu wa maneno machache. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilidhani hanipendi, kumbe ndivyo alivyo kwa kila mtu. Lakini Jumapili kanisani utamtambua bila kuoneshwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango chao. Sauti yenyewe si kubwa. Ni nyembamba na inapenya, kama sindano inavyopita kwenye blanketi.

Agosti 2023 uvimbe aliokuwa nao shingoni ukaanza kumsumbua kumeza. Tukampeleka hospitali. Ni tezi la shingo, daktari akasema, na lazima litolewe, tarehe ikapangwa Januari. Halafu akaongeza kwa upole kwamba mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti inapita karibu sana na tezi hilo. Wengi hupona bila tatizo, baadhi sauti huharibika kwa muda halafu hurudi, na wachache hubaki nayo hivyo hivyo. Akasema mtu anayeimba anaweza kuona noti za juu zinamkimbia. Mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaambiwa bei ya maharage.

Kwenye gari nikamwambia mume wangu: "Lazima tumrekodi kabla ya Januari."

Akaangalia barabara. "Simu si unayo?"

Uji ukishakorogwa

Basi nikamrekodi kwa simu. Kwenye simu nilipata jogoo, upepo, mtoto wangu wa mwisho akiomba andazi, na kwa mbali, Mama. Nikakumbuka kwamba kwaya yao iliwahi kwenda studio miaka mingi iliyopita na kutoa albamu ya kanda. Nikaitafuta kanda, nikaipata, nikapata na redio ya kuipigia. Ah! Kinanda kilikuwa kimefunika kila mtu. Mama alikuwemo humo ndani, kiasi cha kunitia uchungu, lakini sikuweza kumtoa.

Kijana mmoja prodyuza hapa Arusha, mwenye studio ya chumba kimoja, ndiye aliyenielewesha. "Dada, hiyo ni uji uliokwisha korogwa," akaniambia. "Huwezi kuchota sukari peke yake. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazojaribu kuchambua sauti kutoka kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa, lakini sauti nne za kwaya zilizoshikana namna hii utapata vipande vipande tu. Wewe unatakiwa kurekodi kwa traki."

Traki ni njia. Kila sauti inarekodiwa kwenye njia yake peke yake, zote zinakwenda sambamba kwa wakati mmoja, na unazichanganya baadaye. Sukari kwenye kikombe chake, unga kwenye chake, maji kwenye chake. Ukionja ukakuta sukari imezidi, unapunguza bila kumwaga sufuria zima. Kile kitendo cha kuchanganya ndicho wanachokiita kumiksi.

Jambo hili tunaliona la kawaida leo, lakini wakubwa zetu hawakuwa nalo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, aliimba na wapigaji wake kwa wakati mmoja, sauti ikiingia moja kwa moja kwenye sahani. Aliyekosea amekosea kwa niaba ya wote. Hata bendi zetu za miaka ya 1970 zilizorekodi pale Radio Tanzania Dar es Salaam, zilipiga pamoja kama ziko ukumbini.

Prodyuza wangu alinisimulia pia kisa cha wanandoa, na nakuletea kwa sababu ni cha kwetu sisi wa gazeti hili. Les Paul, mpiga gitaa wa Kimarekani, na mke wake Mary Ford walikuwa wakirekodi nyumbani kwao. Wimbo wao wa How High the Moon wa mwaka 1951 ulikaa namba moja Marekani kwa wiki tisa, na humo Mary anaitikiana na Mary. Walirekodi sauti moja, wakaipiga tena huku wakirekodi nyingine juu yake, safu juu ya safu. Ubaya wake ni kwamba kila safu mpya ilimeza ile ya chini. Ukikosea safu ya mwisho, unarudi mwanzo kabisa. Hebu fikiria ndoa ya namna hiyo! Mwaka 1957 Les Paul akapata mashine ya kampuni ya Ampex yenye traki nane zinazojitegemea, na kuanzia hapo ukikosea unarudia safu yako tu.

Hela za madirisha

Nilitumia laki sita na nusu. Zilikuwa zetu wote wawili, tumeziweka kwa ajili ya madirisha ya aluminiamu ya nyumba tunayojenga. Nilimwambia mume wangu baada ya kununua. Najua, najua. Usinitazame hivyo.

"Yaani Mama anakwenda kukatwa shingo, wewe unanunua midude ya muziki," akasema. Akaingia chumbani. Nikajisemea moyoni kwamba huyu mwanaume hana uchungu na mama yake. Nikaliweka neno hilo moyoni na kulilea kama kifaranga.

Jumamosi nne nilishinda studio kwa yule kijana. Nakuandikia niliyojifunza, maana huenda na wewe una bibi, babu au mtoto mwenye sauti.

Kwanza maiki. Kuna maiki za kondensa, zinasikia mpaka mbu akipita, na nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kiboksi. Na kuna za dainamiki, kama ile Shure SM58 unayoiona kwenye majukwaa kila siku. Hizi hazihitaji umeme huo na hazihangaiki sana na kelele za mbali. Kwa chumba ambacho si studio, chukua dainamiki, sogeza mdomo karibu. Nikachukua mbili.

Pili kiboksi chenyewe, ambacho wataalamu wanakiita intafesi. Unachomeka maiki upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Kazi yake ni kuigeuza sauti kuwa namba, ikiipima mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Changu kilikuwa na matundu mawili, maana yake naweza kurekodi traki mbili kwa mpigo. Nikitaka zaidi, naongeza safu kama Mary Ford.

Tatu programu. Audacity ni ya bure, na inatosha kuanzia. Mimi nilitumia Reaper, inakupa siku 60 za kuijaribu kabla ya kulipia.

Nne, na hili ndilo lililoniaibisha, ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari. Sauti ikigonga dari inapasuka, na iliyopasuka haishoneki vizuri. Kwa hiyo unaacha nafasi, vilele vya sauti vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri. Ukirekodi chini kidogo utapandisha baadaye. Ukirekodi juu mno, imekula kwako.

Studio ya magunia

Tulikwenda Endabash katikati ya Desemba. Mvua za mwisho wa 2023 zilikuwa nyingi mno, njia ilikuwa tope tupu, na nyumba ya Mama ni ya bati. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata wewe na mkeo hamsikizani, sembuse maiki. Tulikaa siku nzima tukingoja mawingu.

Chumba nilichagua stoo. Kuta tupu zinairudisha sauti kama mpira, ndiyo maana bafuni kila mtu ni mwimbaji. Stoo ya Mama ilikuwa na magunia ya mahindi yamepangwa pande mbili, na mimi nikatundika mablanketi mazito upande wa tatu na mlangoni. Nikapiga kofi moja: kimya, halikurudi. Studio imepatikana! Laptopu nikaitoa nje, ukumbini, feni yake isisikike, nikaichomoa na kwenye umeme pia, maana waya wa pale ulikuwa unaleta mngurumo. Mlango ukafungwa. Mimi nje na hedifoni, mwimbaji ndani na magunia.

Nikamwambia Mama ajaribu. Akaimba taratibu, kwa adabu. Nikapandisha kipimo kikae vizuri. Tulipoanza kweli akaimba kama yuko kanisani, na taa nyekundu zikawaka zote. Zamu ya kwanza yote imepasuka. Somo: mtu wa kujaribu na mtu wa kuimba si mtu mmoja. Mwombe aimbe ile sehemu ya juu kabisa, upime kwa hiyo.

Nikashusha, tukaanza tena. Sasa tatizo likawa lingine. Nilikuwa nimemvalisha Mama hedifoni zenye metronomu, ile saa inayogonga tik, tik, ili wengine waje kuimba juu yake bila kupotea. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza. Mwisho akazivua.

"Mwanangu, hii inanigongea kama fundi bati. Halafu naanza, naitikiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa Wairaqw, hata yale maombi yao ya jadi, slufay, mzee anatamka na watu wanaitikia. Kwaya ya kanisani nayo ndiyo hivyo hivyo. Huyu mama hajawahi kuimba peke yake kwenye chumba kilichofungwa tangu azaliwe, na mimi na digrii yangu ya mawasiliano sikuwa nimeliwaza hilo.

Mume wangu alikuwa nje kwenye zizi, anatengeneza lango ambalo, kwa maoni yangu, halikuwa bovu. Mama akatoka, akamwita kwa Kiiraqw, sentensi moja tu. Akaingia. Aliwahi kuimba besi kwenye kwaya ile ile kabla hajaja mjini. Hakuniangalia.

Nikawasimamisha uso kwa uso, kila mmoja na maiki yake. Maiki za namna hii zinasikia mbele, nyuma ni kama viziwi. Kwa hiyo watu wakitazamana, kila maiki inampa kisogo yule wa pili. Na ukiweka maiki mbili, umbali kati yao uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki. Hata hivyo sauti ya huyu itavuja kidogo kwenye maiki ya yule, haizuiliki. Metronomu nikaizima. Nikafunga mlango, nikarudi kwenye laptopu.

Waliimba mara mbili, mwanzo mpaka mwisho. Zamu ya pili nilikuwa nimeizima traki ya mume wangu kwenye hedifoni zangu, nikimsikiliza Mama pekee kama amekaa vizuri. Mama alikuwa safi, isipokuwa ubeti wa pili, ambapo sauti yake ilididimia kwa sekunde nne hivi, kisha ikarudi. Amesogea mbali na maiki, nikaandika kwenye daftari. Nitalirekebisha. Kesho yake wenzake wawili wa kwaya wakaja, mmoja sauti ya pili, mmoja tena, wakavaa hedifoni na kuimba juu ya walichosikia. Traki nne. Nikarudi Arusha kifua mbele.

Mwanamke asiyepumua

Mhariri ni mtu hatari akipewa mkasi. Siku zote za Krismasi nilikaa na traki zile kama ninavyokaa na makala ya mwandishi mvivu. Nilikata kikohozi. Nilikata kila pumzi ya Mama kabla ya mstari. Pale alipodidimia nikampandisha desibeli tisa. Noti iliyoteleza kidogo nikainyoosha kwa programu. Nikaongeza mwangwi kama wa kanisa kuu. Halafu kila nilipoona Mama hasikiki vizuri nikampandisha. Besi ikapotea, nikaipandisha besi. Sauti ya pili ikapotea, nikaipandisha. Wote wakawa wanapiga kelele, na Mama bado hasikiki.

Mwaka Mpya tukampelekea. Akasikiliza kwenye simu, mikono mapajani, mpaka mwisho.

"Umefanya kazi, mwanangu. Asante." Akakaa kidogo. "Ila huyu mwanamke hapumui. Mtu asiyepumua anaimbaje?"

Wanawake wenzangu mnaoijua mama mkwe mnaelewa nilivyolala usiku ule.

Bahati nzuri, programu niliyotumia mimi haiikati rekodi yenyewe. Inakumbuka tu ulivyoamuru, na faili la mwanzo linabaki zima ilimradi hujalifuta. Tuliporudi nyumbani, baada ya watoto kulala, nikarudisha traki zote zilivyokuwa. Safari hii nikafanya alichonifundisha yule kijana na mimi nikakipuuza: sikiliza kila traki peke yake, mwanzo mpaka mwisho, kabla hujagusa kitu. Kuna kitufe kinaitwa solo. Ukikibonyeza, traki hiyo inabaki, nyingine zote zinanyamaza.

Nikabonyeza solo kwenye traki ya pili. Ya mume wangu.

Ubeti wa kwanza anaimba besi yake vizuri tu. Ubeti wa pili anaanza, anafika katikati ya mstari, anakatika. Nikadhani ni waya. Halafu nikasikia pumzi. Inaingia kwa mikato, inatoka kwa mikato, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Kwa mbali, ile sauti iliyovuja, nikamsikia Mama anaendelea kuimba. Kisha sauti ya Mama ikaanza kukua. Ikasogea, ikasogea, mpaka ikawa karibu kabisa na maiki ya mwanawe, na nikasikia kitambaa kikisuguana na kitambaa. Anaimba pale pale kifuani kwake. Sekunde nne. Halafu akarudi mahali pake, na besi ikaingia tena, ndogo, inatetemeka.

Zile ndizo sekunde nne nilizoziandika kwenye daftari kuwa ni kosa. Nilikuwa nimezipandisha kwa desibeli tisa.

Mume wangu alikuwa sebuleni na hesabu zake. Nikamvalisha hedifoni bila kusema neno. Akasikiliza. Akazivua, akaziweka mezani taratibu.

"Ulinisikia siku ile?"

"Nimekusikia leo."

Akakaa muda. "Wewe ulikuwa unarekodi," akasema. "Mimi niliona kama tunamuaga. Sikutaka kuaga."

Wiki zote zile, mpenzi msomaji, nilikuwa na hakika kwamba anagombea madirisha. Na mimi nikamwambia nililopaswa kumwambia Septemba, kwamba hela zilikuwa zetu na nilizitoa kama zangu. Hatukulia sana. Tulikunywa chai saa saba usiku.

Kushusha

Miksi ya pili tuliifanya wawili. Ukitaka kuijaribu, kanuni zenyewe si nyingi.

Shusha traki zote chini kabisa. Pandisha moja tu, ile ambayo wimbo ni wake. Kwetu ni Mama. Kisha waingize wengine mmoja mmoja, kila mmoja aishie pale anaposikika bila kumfunika. Mama akizidiwa, usimpandishe yeye, shusha waliomfunika. Kwa kifaa kinachoitwa ikwalaiza, ondoa mingurumo iliyo chini ya hezi 80 kwa waimbaji wa juu, huko hakuna sauti yao, kuna nyayo na upepo tu. Wengine wote punguza kidogo kwenye hezi 300, ndiko uzito hujazana. Sauti ya pili nikaisogeza kushoto, tena kulia, Mama na besi katikati, kama wanavyosimama kanisani. Mwangwi kiasi cha chumvi. Pumzi zote nikaziacha. Pale kwenye zile sekunde nne sikugusa chochote kwa Mama, nikaifungua tu traki ya mume wangu, ili anaposogea asikike anakokwenda.

Halafu sikiliza kwa sauti ndogo, sikiliza kwenye simu, sikiliza kwenye gari. Masikio yakichoka yanakudanganya, yapumzishe. Na kabla ya yote hayo, nakili mafaili ya mwanzo sehemu mbili tofauti.

Mama alifanyiwa upasuaji Januari 2024 na ulikwenda salama, tunamshukuru Mungu. Sauti haikurudi yote. Mwezi wa kwanza alinong'ona. Pasaka aliimba kwa kukwaruza. Kufikia Juni alikuwa anaongea vizuri, ila kule juu hakufiki tena. Sauti imeshuka, imekuwa nzito na yenye vumbi kidogo. Kwaya wakamwambia ahamie sauti ya pili. Akasema sawa, halafu akaacha kwenda mazoezini. Hakumlaumu mtu. Jumamosi jioni alikuwa anakuta tu kuna kuku wa kuangaliwa.

Julai tulikwenda na watoto, wakati wa mavuno. Siku ya pili, tumekaa tunapukuchua mahindi, akauliza bila kuniangalia: "Ile mashine yako unayo?"

Ilikuwa kwenye gari. Mume wangu ndiye aliyeipakia, mimi sikuwa na habari.

Stoo ilikuwa imejaa kuliko Desemba, ikabaki nafasi ya mtu mmoja tu kusimama. Nikafungua wimbo ule ule, nikaongeza traki ya tano. Mama akachukua hedifoni, zile alizozivua, akazivaa mwenyewe juu ya kilemba. Nikazinyamazisha traki zote, nikamwachia ile ya kwanza. Yake ya Desemba.

Akasikiliza mstari mmoja, macho chini.

"Huyu anapumua," akasema. "Haya, aanze. Mimi nitaitikia."

Nikafunga mlango. Nje tukavaa hedifoni moja watu wawili, sikio lake na sikio langu. Mama wa Desemba akavuta pumzi, na chini yake, nusu sekunde baadaye, Mama wa Julai akavuta ya kwake. Mmoja juu, mwembamba kama sindano; mwingine chini, mzito, akimbeba. Mume wangu alinishika mkono mpaka ubeti wa tatu.

Ulipokwisha, mlango ukafunguka kidogo.

"Rudisha," Mama akasema. "Ubeti wa pili nimechelewa kuingia."

Nikarudisha.